Mjomba Jalada na Birika Lililodhaniwa Bata

Basi, kama nilivyokuwa nasema kwenye sherehe ya kuaga kabla kipaza sauti hakijanizimikia, huyu mtu hakunifundisha kazi tu, ameniozesha. Fundi umeme anadai ni waya uliolegea. Mama wa usafi anadai ni mhariri wa jarida hili ndiye aliyechomoa, kwa kuwa nilikuwa nimeongea mpaka soda zikapoteza ubaridi. Vyovyote iwavyo, mhariri huyo huyo amenipa kurasa hizi nimalizie nilichokianza, kwa sharti moja: nisiitaje ndoa yangu zaidi ya mara moja. Nimekubali. Ile ya hapo juu tusiihesabu.

Tufuate utaratibu sasa. Mjomba Jalada, mshonaji wa vitabu na msimamizi wa chumba cha riwaya katika maktaba yetu, alistaafu rasmi tarehe tatu ya mwezi huu, baada ya kutumikia miaka thelathini na mitano katika jengo hili hili, ghorofa hii hii, juu ya kiti ambacho miguu yote imeshabadilishwa lakini chenyewe kimekataa kubadilishwa. Jina lake la kwenye mshahara analijua mhasibu. Sisi wengine tulimkuta anaitwa Mjomba, na Jalada ameongezewa na wasomaji, kwa sababu ukikutana naye mlangoni yeye hutazama kwanza kitabu ulichokishika, na salamu ya kwanza humpa kitabu. "Hujambo wewe? Nani amekukunja masikio namna hii?" Kisha ndipo anapoinua macho na kukuona wewe uliyekunja.

Alikuja hapa akiwa kijana wa kubeba maboksi. Kazi yake ilikuwa kuyapokea yanaposhushwa, kuyapandisha ngazi na kuyafungua. Aliyemtangulia kwenye meza ya ushonaji alimwona siku moja amekaa chini katikati ya maboksi, ameshika riwaya iliyochanika mgongo njiani, anaipuliza kama mama anavyopuliza goti la mtoto aliyeanguka. Akamwita, akampa sindano na uzi, akamwambia, "Kupuliza hakutoshi, bwana mdogo. Shona." Tangu siku hiyo hajaiweka sindano chini. Nguo zake zote zinanuka gundi, na mkewe, ambaye sisi kwa heshima tunamwita Mkazamjomba, ni fundi cherehani aliyetuambia waziwazi kwenye sherehe: "Wenzangu wanaletewa zawadi na waume zao. Mimi huyu ananiibia uzi."

Mengi aliyoyafanya Mjomba hayamo kwenye taarifa za mwaka. Kuna masika yale paa letu lilipovuja juu ya chumba cha riwaya. Maji yaliingia kwenye kitabu kimoja kinene cha upelelezi mpaka kikavimba kama andazi. Mjomba alikifumua kurasa zote, akafunga kamba kutoka dirisha mpaka dirisha, akazianika kwa vibanio vya nguo alivyovitoa kwa Mkazamjomba bila ruhusa. Wasomaji walipofika hawakukubali kusubiri zikauke. Wakaanza kukisoma kikiwa kambani, wakitembea polepole wameinua vichwa kama wanaokagua gwaride, na wale waliofika kwenye ukurasa wa mauaji wakasongamana hapo mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Alasiri upepo ukaingia, kurasa zikaruka, zikarudishwa kambani kwa kubahatisha. Mpaka leo kuna mwalimu mmoja mstaafu anayeapa kwamba muuaji wa siku ile alikuwa bora kuliko muuaji wa kitabuni.

Lakini kazi itakayofanya jina lake lisisahaulike ni Meza ya Mapacha.

Kwa wageni waliojiunga nasi karibuni, nieleze. Kila mwezi unapoanza, Mjomba huchagua mwaka mmoja wa nyuma, mwaka ambao sasa unatimiza miaka kumi, au ishirini na mitano, au hamsini. Huzitoa rafuni riwaya zilizochapishwa mwaka huo na kuzipanga kwenye meza ya duara karibu na dirisha. Anaziita mapacha. Moja inaweza kuwa ya mapenzi na nyingine ya mauaji, na waandishi wake huenda hawakuwahi hata kupeana mkono, lakini kwake yeye waliozaliwa mwaka mmoja ni ndugu, na ndugu husherehekea pamoja. Hutandika kitambaa kisafi, huweka ua kwenye glasi, na pembeni kadi aliyoiandika kwa mkono: "Tumetimiza umri. Tuchukueni tukatembee."

Na kuna kanuni. Ukimaliza kusoma pacha wako, humrudishi rafuni. Unakuja naye mezani, unamkabidhi ana kwa ana msomaji aliyechukua pacha mwingine, naye anakukabidhi wa kwake, Mjomba akiwa amesimama hapo kama mfungisha ndoa. Wapo waliolalamika kwamba huo ni usumbufu, mtu si aache kitabu kwa karani aende zake? Mjomba akawajibu kwamba mapacha hawabadilishani nguo kupitia dirishani. Basi watu walikuja, wakakutana, wakaanza kwa kuulizana "Umefika wapi?" wakaishia kukaa. Majirani wawili waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya ukuta wa uani walipatana kwenye meza ile, maana wote wawili walimchukia shujaa mmoja.

Hapa namwomba radhi mhariri.

Mwaka juzi mapacha wa miaka ishirini na mitano walikuwa wawili tu. Mmoja nilimchukua mimi, ninayekaa dawati la kuazima. Wa pili alichukuliwa na fundi miwani mwenye duka dogo mtaa wa nyuma, kijana mrefu, mpole, mwenye vidole visafi kuliko vya mtu yeyote niliyewahi kumwona maishani. Mimi nilimaliza kitabu changu siku ya pili. Mwenzangu alipokuja kubadilisha, Mjomba akamwahi mlangoni: "Bado dada hajamaliza. Njoo Alhamisi." Alhamisi akaja, Mjomba akamwambia, "Dada anasoma polepole, ana macho dhaifu. Njoo Alhamisi ijayo." Mtoto wa watu akawa anakuja kila Alhamisi kuulizia kitabu, ananionea huruma kwa macho yangu, na kila akija ananikazia skrubu za miwani ambazo hazikuwa zimelegea. Nami najiuliza, mbona Alhamisi moyo wangu unapanda ngazi na kushuka? Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Huyu wangu ana mashine ya kupimia macho, na bado aliniona mzuri, kwa hiyo huo ni ushahidi wa kitaalamu. Majuma machache yaliyopita tukafunga ndoa. Ukumbini wakwe zangu wakauliza huyu mzee anayekula keki kwa furaha hivi ni mjomba wa upande gani. Mwenyewe akajibu mdomo ukiwa umejaa: "Wa pande zote mbili. Upande wa vitabu."

Nimemaliza. Sitarudia tena, labda itokee lazima.

Turudi kazini. Meza yake ya mwisho Mjomba aliipanga mwezi uliopita, na safari hii hakutafuta mwaka wa kupendeza masikioni. Alichagua mwaka alioanza kazi. Riwaya tulizonazo za mwaka huo ni tatu, na zote tatu alizitoa yeye mwenyewe kwenye boksi akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Zimetimiza thelathini na mitano pamoja naye. Ya kwanza ni *Harusi ya Mpima Ardhi*, ya mapenzi, ambayo mimi nimeisoma kila nilipopata nafasi na kila mara nimelilia ukurasa ule ule. Ya pili ni *Mpangaji wa Chumba cha Nyuma*, ya upelelezi, imeshonwa upya mara nyingi mpaka uzi umezidi karatasi. Ya tatu ni *Birika la Jirani*.

Huyu wa tatu ndiye aliyetutoa jasho.

*Birika la Jirani* ina bahati mbaya ya sura. Mchoraji wa jalada lake alichora birika, lakini mdomo wa birika ameurefusha, mpini ameukunja kama mkia, na kifuniko kimekaa kama kichwa. Ukiitazama kwa haraka ni bata. Ukiitazama kwa makini ni bata aliyeshiba. Jina lenyewe limeandikwa chini kwa herufi nyembamba za rangi ya kahawia juu ya kahawia. Karani mmoja wa zamani, Mungu ampe maisha marefu huko aliko, alipoipokea hakuifungua. Akaipeleka kwenye rafu ya ufugaji wa kuku na bata. Ikakaa huko miaka na miaka, katikati ya chanjo na vifaranga. Msomaji pekee aliyewahi kuiazima alikuwa mfugaji, naye aliirudisha amefura: "Nimesoma mpaka katikati, watu wanagombana kwa ajili ya birika, bata hata mmoja sijamwona! Hii ni maktaba au mchezo?" Kwa kelele hizo ndipo Mjomba alipoitambua pacha yake iliyopotea, akaichukua mikononi, akairudisha nyumbani kwenye chumba cha riwaya. Lakini jina lilikuwa limeshaharibika, na ile ikawa safari yake ya kwanza na ya mwisho kutoka nje.

Sasa, sote tunaijua sheria aliyokuja nayo Mkuu wetu: kitabu kisichoazimwa kwa miaka mitano kinatoka. Mkuu si mkatili. Rafu zimejaa, vitabu vipya viko kwenye maboksi koridoni tunavikwepa kama madimbwi. Vinavyotoka hutiwa magunia na kupelekwa kiwanda cha karatasi. Na miaka mitano ya *Birika*, tangu siku ya yule mfugaji, ilikuwa inaisha juma lile lile la Mjomba kustaafu.

Mjomba aliyabeba hayo moyoni kama mtu anayemwuguza ndugu. *Harusi* na *Mpangaji* zilichukuliwa siku ya kwanza, meza haijakauka hata maji ya glasi. *Birika* ikabaki. Tukamwambia, Mjomba, si uichukue tu nyumbani kwako? Akakataa katakata. "Nyumbani kitakuwa cha Mjomba. Kilizaliwa kiwe cha watu." Tukajitolea kuiazima sisi wenyewe. Akakataa zaidi. "Msiniazimie kwa huruma. Aliyeolewa kwa huruma hukaa na begi mlangoni." Na siku moja wakati wa chai, akitazama kikombe chake badala ya kututazama sisi, akasema neno lililotukata wote: "Mimi kutoka ni haki yangu. Nimefanya kazi, nimechoka. Huyu hajafanya kazi hata mwezi. Sasa astaafu kutoka kazi gani?"

Aliinadi kwa kila aliyeingia. "Inasisimua mwanzo hadi mwisho!" aliwaambia wanafunzi, wakachukua kamusi. "Inasisimua mwanzo hadi mwisho!" alimwambia bwana mmoja aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Mlinzi akamkumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mjomba akamjibu kwamba kizuri chajiuza kikiwekwa dukani kwake, si bandani kwa kuku. Mwisho akaandika kibao, akakisimamisha mbele ya kitabu kwa herufi kubwa: HAKUNA BATA. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa sababu wasomaji ambao hawakuwa na habari ya bata yeyote wakaanza kuuliza bata amekwenda wapi.

Ikafika Ijumaa ya mwisho kabla ya yeye kustaafu. Siku hiyo ilitendeka hadithi ambayo wengi mmeisikia nusu nusu, nami nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, kwa hiyo iandikwe vizuri.

Asubuhi Mjomba aliingia, akaenda moja kwa moja mezani, akasimama. Ua lilikuwepo, kadi ilikuwepo, kibao cha HAKUNA BATA kilikuwepo. *Birika* haikuwepo. Akanigeukia, uso umechanua kama wa bwana harusi. "Umeiandika? Kaichukua nani?" Nikamwambia sijaandika kitu. Uso ukajifunga. "Kama hakikuandikwa hakikuazimwa. Wamekitia guniani." Akakunja mikono ya shati akashuka stoo, na kwa muda mrefu tukasikia magunia yanafunguliwa kule chini.

Akiwa bado yuko huko, akaingia kijana mmoja mwashi, mikono ina saruji kavu, akanyoosha mgongo kama anayetoa ushahidi: "Naomba *Birika la Jirani*. Nasikia inasisimua mwanzo hadi mwisho." Nikastaajabu. Kabla sijajibu akaingia mama mmoja mwenye kapu: "Naomba *Birika la Jirani*. Nasikia inasisimua mwanzo hadi mwisho." Nikamtazama mama wa usafi, naye akaanza kulifuta dirisha safi. Nikamtazama mlinzi, naye akawa anakagua bawaba za mlango. Kumbe mwashi ni mkwe wa mama wa usafi, na mwenye kapu ni dada yake mlinzi. Kila mmoja alikuwa ametuma ndugu yake kwa siri amwokoe bata, bila kumwambia mwenziwe, na kwa kuwa hakuna aliyekisoma kitabu, wote walikariri maneno ya Mjomba.

Ningewacheka, lakini mlango ukafunguka tena, akaingia wa tatu. Amevaa koti lake la dukani, mtanashati kama siku ya kwanza. Mume wangu. Mume wangu wa ndoa, niliyemwamsha asubuhi ile ile na kumfundisha la kusema. Akaja mpaka dawatini, akasafisha koo: "Habari za kazi, dada. Naomba *Birika la*..." na akanikonyeza kwa jicho ambalo hata aliyevua miwani angeliona.

Wakati huo huo Mjomba akatokea kwenye ngazi za stoo, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Akamtazama mwashi, akamtazama mwenye kapu. Akamtazama fundi miwani. "Na wewe, mkwe?" Akaninyooshea kidole. "Mkeo leo amekuwa dada?" Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. "Leo bata ana posa nyingi," Mjomba akasema, na hakuwa anatania. Akaenda akakaa kwenye kiti chake. "Niliomba msomaji mmoja. Mmeniletea kamati ya maziko."

Wapenzi wasomaji wa jarida hili, tulikuwa tumefanya lile lile alilotukataza, tena wote kwa pamoja, tena kwa maneno yake mwenyewe. Na kitabu chenyewe hakipo.

Ndipo mlango wa ofisi ya Mkuu ukafunguka.

Mkuu wetu mnamjua. Hatembei na kitu mkononi ila kalamu. Siku hiyo alitoka miwani imepanda kwenye paji la uso, macho yamezama kwenye kitabu alichokishika karibu na pua, na bila kumtazama yeyote akauliza hewani: "Hivi huyu mama wa ghorofa ya juu analirudisha hili birika au halirudishi? Kwa sababu kama halirudishi, mimi Jumatatu siji kazini."

Kisha akainua kichwa, akatuona.

Alieleza mwenyewe, naye hakuficha. Jana yake jioni, watu walipoondoka, alikitoa kitabu mezani ili Mjomba asije akakiona kikitiwa guniani. Alitaka amalize kimya kimya. Akakipeleka ofisini, akachukua muhuri wa kuondolea, akafungua ukurasa wa kwanza ili aupige, na jicho likaangukia sentensi ya mwanzo. Muhuri ukabaki hewani mpaka wino ukakauka. Asubuhi ile alikuwa amejifungia mlango na kutuambia ana hesabu za robo mwaka.

Mjomba alisimama taratibu. Aliyekuwa amevunjika dakika ile ile sasa alikuwa na sauti ya msimamizi wa chumba cha riwaya. "Mkuu, kwa heshima zote. Hicho kitabu umekiandikisha wapi?"

Mkuu, mwenye sheria zilizobandikwa kila ukuta wa jengo hili, akajibu kama mwanafunzi aliyekutwa na embe la jirani: "Sijakiandikisha."

"Basi kuna foleni."

Na Mkuu akapanga foleni! Alisimama nyuma ya mume wangu, akafungua pale alipoachia, akaendelea kusoma amesimama. Tukaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Mwashi akashindwa kuvumilia. "Mama, soma kwa sauti basi, na sisi tuko hapa." Mkuu akasoma. Sitawaeleza alichosoma, kwa sababu Mjomba amenikataza kumwaga uhondo, lakini mjue tu kwamba mwanamke mmoja amemwazima jirani yake birika, jirani harudishi, na kwa ajili ya birika hilo jengo zima linagawanyika, posa mbili zinavunjika na ndoa moja inafungwa ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwenye kapu aliketi chini kwa kucheka. Mlinzi akaacha bawaba zake. Mkuu alipofika mwisho wa sura na kufunga kitabu, ukazuka ugomvi wa kweli wa nani anafuata.

"Mimi nilitumwa," mwashi akasema, "lakini sasa najituma. Niandikeni."

Nilimtazama Mjomba wakati ule. Nawaambia, nimeona sura nyingi za furaha, nimeona hata uso wa mtu fulani ukumbini nilipoingia na shela (mhariri, hii ilikuwa lazima), lakini ile ya Mjomba ilikuwa ya mtu aliyeona ndugu yake anapewa kazi baada ya miaka mingi ya kukaa nje ya mlango. Aliipanga foleni mwenyewe kwa sauti: kwanza Mkuu, kwa kuwa yuko katikati na si utu kumnyang'anya mtu birika likichemka, kisha mwashi, kisha dada wa mlinzi, kisha maharusi. Nikampisha kiti changu dawatini. Muhuri wa kuazimisha *Birika la Jirani* aliupiga yeye, na huo ndio ukawa wa mwisho katika utumishi wake. Halafu, akiwa bado ameshika muhuri, akasema polepole, "Na baada ya maharusi, niandikeni mimi."

Tukashangaa. Si umekisoma? Akasema alikisoma siku alipofungua boksi, na hajakisoma tena. Miaka yote hii ameshika vitabu kama mpishi anavyoshika chungu, anaonja, anaongeza chumvi, anampelekea mwenye njaa. "Sijawahi kukaa mezani nikaletewa," akasema. Na kweli, tulipotafuta tukagundua hajawahi kuwa na kadi ya msomaji. Ndiyo maana kwenye sherehe, pamoja na saa ya ukutani kutoka ofisini na vibanio vipya vya nguo kwa Mkazamjomba, tulimkabidhi kadi. Aliigeuza huku na huku, akainusa. Akauliza akichelewesha kitabu itakuwaje. Mkuu akamjibu kwamba atashughulikiwa kama mtu mwingine yeyote.

Kabla sherehe haijaisha Mkuu alitangaza jambo moja, nami naliandika hapa ili asije akalisahau: kuanzia sasa hakuna riwaya itakayotiwa guniani kabla haijakaa mwezi mmoja kwenye Meza ya Mapacha, na kitambaa, na ua. Mama wa usafi amejitolea kufua kitambaa. Sindano Mjomba ameniachia mimi. Vidole vyangu sasa vina matundu kama chujio, na fundi miwani wangu anavifunga kila jioni kimoja kimoja, lakini hayo nimeahidi kutoyasema.

Mjomba, sisi tuliobaki tunakushukuru. Umeshona migongo ya vitabu visivyohesabika, na bila kujua au kwa kujua kabisa umeshona na watu. Nenda ukapumzike. Amka kwa kuchelewa. Mruhusu Mkazamjomba apate uzi wake. Maisha yaliyo mbele yako na yawe marefu, mepesi, yenye herufi kubwa na kurasa zote zikiwa mahali pake.

Na kuhusu zamu yako. Mkuu alikimaliza kitabu kwa siku tatu tu, akakirudisha macho yamevimba. Mwashi alikisoma juu ya jukwaa la ujenzi, ndiyo maana ukurasa wa tisini una saruji. Dada wa mlinzi amekirudisha jana. Sasa kiko kwetu, kwenye nyumba yetu mpya yenye viti viwili. Mume wangu anasoma sauti za wanaume, mimi nasoma za wanawake, na mwenye birika tunamgombania. Tumebakisha sura chache. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuletea mlangoni kwako, ana kwa ana, kama kanuni inavyotaka, na mkweo atakuja na vipimo vyake akutengenezee miwani, maana hiyo yako umeifunga kwa uzi wa vitabu. Mkazamjomba asihangaike na chochote ila kuchemsha chai. Sisi tungekuja nayo, lakini birika letu jirani ameliazima, na mpaka leo hajalirudisha.